Poka ni mchezo wa dau: niliyojifunza mezani

Karibu kila mtu anayeniomba nimfundishe poka huanza na swali moja: karata gani inaishinda ipi? Ni swali la haki, na jibu lake mtu mwenye akili timamu analishika kwa jioni moja. Lakini katika miaka yangu ya kucheza na kufundisha, sijaona mtu aliyekwama kwa sababu ya kusahau kama fulashi inaishinda mfululizo. Wanaokwama hukwama kwenye dau. Hawajui zamu ni ya nani, wanaruhusiwa kupandisha kiasi gani, wala dau la mwenzao linawaambia nini. Wanaziangalia karata zao mbili kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, huku mchezo wenyewe ukiendelea mbele ya macho yao.

Historia inaniunga mkono. Poka ilishika mizizi Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, New Orleans na kwenye meli za mto Mississippi, na siku hizo ilichezwa kwa karata 20 tu: esi, kingi, kwini, jeki na kumi. Wachezaji wanne, kila mmoja karata tano, pakiti imekwisha. Hapakuwa na karata ya kubadilisha wala ya kufunuliwa katikati ya meza. Ukishapewa zako, kazi iliyobaki ni kuweka dau, kufuata dau la mwenzako au kujitoa. Mengine yote yaliongezwa baadaye.

Hata hivyo tuanze na karata, maana bila hizo dau halina pa kusimama. Pakiti ni ya karata 52, joka ziwekwe kando. Aina ni nne, kopa, uru, shupaza na pau, na hapa wanaotoka kwenye michezo mingine ya karata wanisikilize vizuri: poka haina turufu, na hakuna aina iliyo kubwa kuliko nyingine. Esi ya shupaza na esi ya uru zina nguvu sawasawa. Mkono wa poka ni karata tano, na mpangilio wa mikono unafuata uadimu: kadiri mkono unavyopatikana kwa nadra, ndivyo unavyopanda juu.

Nikimfundisha mtu simpi orodha ya kukariri. Nampa hesabu, kwa sababu hesabu ikishakaa kichwani mpangilio unajikumbusha wenyewe. Karata 52 zinatoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Kati ya hiyo, 1,302,540 haina kitu chochote, ni karata ya juu tu. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu. Mikono 1,098,240 ni jozi moja, yaani karata mbili za namba moja. Simama hapo kwanza. Mikono hiyo miwili ya chini kabisa inachukua zaidi ya asilimia 92 ya yote. Kila kinachotajwa kuanzia hapo kwenda juu kinagombea nafasi ndogo iliyobaki. Anayeelewa hilo hashangai tena akikaa muda mrefu bila kupata cha maana, na hamtuhumu mgawaji.

Jozi mbili zipo 123,552. Utatu, yaani karata tatu za namba moja, upo 54,912. Mfululizo, karata tano zinazofuatana bila kujali aina, upo 10,200. Fulashi, karata tano za aina moja zisizofuatana, zipo 5,108, na ndiyo maana inaushinda mfululizo: ni adimu karibu mara mbili. Fuli hausi, utatu pamoja na jozi, ni 3,744. Karata nne za namba moja ni 624. Fulashi inayofuatana ni 36, na ile ya kifalme, kumi hadi esi za aina moja, ni nne tu, moja kwa kila aina. Unaweza kucheza maisha yako yote usiishike hata mara moja, na bado ukawa mchezaji mzuri sana.

Kuna sehemu chache ambazo huleta ubishi mezani, na ni vizuri zimalizwe kabla karata hazijagawiwa. Esi inaweza kukaa juu ya kingi au chini ya mbili, kwa hiyo esi-mbili-tatu-nne-tano ni mfululizo halali, tena ndio mdogo kuliko yote. Lakini haizunguki: kwini-kingi-esi-mbili-tatu si kitu. Fuli hausi mbili zikikutana, unaangalia utatu kwanza, kwa hiyo kingi tatu na nne mbili zinazishinda kwini tatu na esi mbili. Kwenye jozi mbili, jozi kubwa ndiyo inayoamua: esi mbili na tatu mbili zinazishinda kingi mbili na kwini mbili. Na hakuna mkono wa jozi tatu. Ukiwa na kingi na tisa, na mezani pana kingi, tisa, tano, tano na esi, mkono wako ni kingi mbili, tisa mbili na esi. Tano zile hazikuhusu.

La mwisho ni karata inayosindikiza jozi. Mimi nina esi na kingi, wewe una esi na tisa, mezani pana esi, jeki, saba, tano na mbili. Sote tuna jozi ya esi, lakini yangu inasindikizwa na kingi, kwa hiyo nashinda. Sasa badilisha meza iwe esi, kingi, kwini, jeki na nne, mimi niwe na esi na tisa, wewe esi na saba. Tano bora zangu ni esi, esi, kingi, kwini, jeki. Zako ni hizohizo. Tisa yangu na saba yako hazina kazi, tunagawana sawa. Nimeona watu wakikasirikiana kwa sababu ya mkono wa namna hii, na kila upande ukiamini umedhulumiwa.

Mchezo ninaoutumia kufundishia ni Texas Hold'em, kwa sababu ndio unaochezwa zaidi, na kwa sababu kanuni za dau ukizijua humo unaweza kukaa kwenye meza nyingine nyingi. Bunge la jimbo la Texas limeutambua mji wa Robstown kama mahali ulipozaliwa. Kutoka huko ulifika Las Vegas, ambako mashindano ya World Series of Poker yalianza mwaka 1970, na mwaka 2003 mhasibu mmoja, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mchezo wa intaneti, alichukua ubingwa na dola milioni 2.5. Baada ya hapo dunia nzima ikataka kujifunza.

Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Karata tano zinafunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, ndiyo flopu, kisha moja inayoitwa teni, kisha ya mwisho inayoitwa riva. Kabla ya kila ufunuo, karata moja ya juu ya pakiti inawekwa kando kifudifudi, ili anayeweza kuwa ameiona au ameitia alama asifaidike. Unachagua tano bora kati ya saba: mbili zako na tatu za mezani, moja yako na nne za mezani, au zote tano za mezani. Ukichagua tano kati ya saba, jozi moja hutokea mara nyingi kuliko karata ya juu tupu, lakini mpangilio wa mikono haubadiliki kwa sababu hiyo.

Sasa tufike kwenye dau, na hapa nitakaa.

Mezani kuna alama ya duara inayoitwa batani. Aliye nayo ndiye anayehesabiwa kuwa mgawaji, hata kama anayegawa ni mtu mwingine, na baada ya kila mkono inahama kwenda kushoto. Mtu wa kwanza kushoto kwa batani anaweka dau la lazima liitwalo blaindi ndogo, wa pili anaweka blaindi kubwa, wote kabla ya kuona karata. Tuseme chipu 5 na chipu 10, chipu zikiwa vile vipande vinavyowekwa badala ya pesa. Bila hizo kila mtu angekaa akisubiri esi mbili, na esi mbili huja mara moja katika mikono 221. Blaindi zinaweka kitu mezani cha kugombania.

Kabla ya flopu, anayeanza kusema ni wa kushoto kwa blaindi kubwa. Baada ya flopu hadi mwisho, anayeanza ni wa kwanza kushoto kwa batani ambaye bado yumo. Maana yake mwenye batani, akiwa yumo, husema wa mwisho katika raundi zote tatu za dau za baadaye, yaani baada ya flopu, teni na riva. Shika neno hilo, nitalirudia.

Zamu yako ikifika una machaguo machache. Kama hakuna aliyeweka dau kwenye raundi hiyo, unaweza kupisha, kwa kusema au kwa kugonga meza, au unaweza kuweka dau. Kama dau lipo, unafuata kwa kiasi kilekile, unapandisha, au unajitoa kwa kurudisha karata zako kifudifudi. Raundi inaisha pale wote waliobaki wanapokuwa wameweka kiasi sawa na kila mmoja amepata nafasi ya kusema. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita: kabla ya flopu, kama wote wamefuata tu chipu 10, mwenye blaindi kubwa bado ana haki ya kupandisha. Chipu zake zilikwenda kabla hajaona kitu, kwa hiyo hajasema bado. Mgawaji anayefunua flopu bila kumuuliza amemnyima zamu yake.

Kupandisha kuna kiwango cha chini, na nimeona hata wazoefu wakibabaika hapo. Kanuni ni kwamba unaongeza angalau sawa na ongezeko la mwisho. Mtu akiweka 100, anayepandisha lazima afikishe 200 au zaidi. Akifikisha 300, ameongeza 200, kwa hiyo anayefuata akitaka kupandisha lazima afikishe 500. Kuzidisha mara mbili, yaani 600, si lazima. Angalia ongezeko, usiangalie jumla. Huo ni mchezo usio na kikomo, ambamo wakati wowote unaweza kuweka chipu zako zote. Kuna mchezo wa dau maalumu, ambamo kiasi kimepangwa na huongezeka maradufu kuanzia teni. Na kuna wa kikomo cha poti, yaani chipu zote zilizokusanyika katikati, ambamo huwezi kupandisha kuzidi kilichopo katikati baada ya wewe kufuata kwanza. Poti ikiwa 100 na mtu akaweka 50, wewe unafuata 50, poti inakuwa 200, kwa hiyo unaweza kuongeza 200 juu yake: jumla unasogeza 250.

Halafu kuna adabu ambazo kwenye meza makini ni sheria kamili. Ulichotamka kwa zamu yako kinakufunga. Ukisema "nafuata" kisha ukaona uso wa mwenzako umebadilika, umeshafuata. Ukisogeza chipu 50, ukatulia kumsoma mwenzako, kisha ukaongeza nyingine 100, hizo 100 zinarudishwa kwako, kwa sababu umejaribu kuvuna habari kabla ya kumaliza kusema. Dawa yake ni kutaja kiasi kwa mdomo kwanza, au kusogeza chipu zote kwa mkupuo mmoja. Usiseme kabla ya zamu yako, hata kujitoa. Anayetupa karata mapema anawapa wanaomfuata taarifa ambayo wengine hawakuwa nayo walipoamua. Na usijadili karata ulizotupa wakati mkono bado unaendelea. Esi uliyoitupa ni taarifa ambayo watu wawili wanaopigana hawapaswi kuipata kutoka kwako.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile inayosema unacheza na ulicho nacho mezani tu. Katikati ya mkono huruhusiwi kuingiza mkono mfukoni kuongeza chipu, na hakuna anayeweza kukutoa kwa sababu ana nyingi kuliko wewe. Ni kanuni ya haki. Mwenye chipu chache anaweka zote alizonazo na anabaki hadi mwisho, ila anashindania sehemu yake tu. Chukua wachezaji watatu: wa kwanza ana 50, wa pili 120, wa tatu 200, na wote wameweka zote. Chukua 50 kwa kila mmoja, hiyo ni poti kuu ya 150 ambayo wote watatu wanaigombania. Kwa wa pili zimebaki 70, unachukua 70 kwake na 70 kwa wa tatu, ni poti ya pembeni ya 140 ambayo ni ya hao wawili pekee. Wa tatu anarudishiwa 80 zake, hakuna wa kuzifuata. Wa kwanza akiwa na mkono bora anachukua 150 na si zaidi, na 140 inakwenda kwa bora kati ya wawili wale. Poti za pembeni hufunuliwa kwanza, poti kuu mwisho. Nikifundisha, zoezi hili narudia kwa chipu halisi hadi kila mtu aweze kuligawa peke yake, maana hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Mwalimu wangu wa kwanza, mtu mzima mmoja mpole, alitufundisha kwa njia ambayo hadi leo naitumia. Alitutaka tucheze karata zikiwa wazi mezani, kila mmoja akiona za wote, na kila tunaposogeza chipu tuseme kwa sauti sababu yake. Mchezo unakuwa wa polepole na unachosha. Lakini baada ya muda unaanza kuona kwamba "kwa sababu nina karata nzuri" ni sababu nyembamba mno. Nzuri kuliko za nani? Unataka nani afuate, na nani ajitoe? Kila dau lina moja kati ya kazi mbili: kumfanya mwenye mkono mdogo alipe, au kumfanya mwenye mkono mkubwa auache. Dau ambalo halifanyi hata moja ni chipu zilizopotea.

Nieleze mkono mmoja niliocheza, maana ndani yake yamo mambo mengi. Blaindi zilikuwa 5 na 10, tulikuwa sita, na batani ilikuwa kwangu. Wa kwanza kusema, mchezaji mtulivu ambaye hupandisha akiwa na kitu, akafikisha 30. Waliofuata wakajitoa. Mimi nilikuwa na tisa na nane, zote za kopa. Nikafuata. Wenye blaindi wakajitoa, poti ikawa 75.

Flopu: kingi ya kopa, saba ya pau, mbili ya kopa. Sasa nina kopa nne, nakosa moja kupata fulashi. Mwenzangu akaweka 50. Hapa hesabu inaingia. Poti imefika 125, nami naombwa 50, kwa hiyo natoa 50 ili kuwa ndani ya jumla ya 175: nahitaji kushinda karibu mara 29 kati ya 100 ili nisipate hasara. Kopa zilizobaki ni tisa kati ya karata 47 nisizoziona, ambayo ni asilimia 19 kwenye teni, na karibu asilimia 35 nikiziona karata zote mbili zinazokuja. Njia ya haraka ya kukadiria ni kuhesabu karata zinazokuokoa, kisha kuzidisha kwa nne kama utaziona mbili, au kwa mbili kama ni moja tu. Kwa hesabu ya karata moja peke yake, bei ilikuwa juu. Lakini nilikuwa na batani, nitasema baada yake, na kopa ikija atanilipa zaidi. Nikafuata, poti ikawa 175.

Teni: tatu ya shupaza. Haikunisaidia hata kidogo. Mwenzangu akagonga meza, akapisha.

Kugonga kule kulikuwa na maneno mengi. Mtu aliyepandisha mwanzoni, akaweka dau kwenye flopu yenye kingi, kisha akasita mara karata isiyo na hatari inapofunuliwa, mara nyingi anasema: mkono wangu ni wa wastani, sitaki poti ikue. Nami hadithi yangu ilikuwaje kwake? Nimefuata kabla ya flopu, nimefuata kwenye flopu bila kelele. Kwa macho yake naweza kuwa na kingi, au saba tatu. Nikaweka 110. Nilikuwa nahatarisha 110 kupata 175, kwa hiyo ilitosha ajitoe karibu mara 39 kati ya 100 hata kama kopa hazipo duniani. Na kopa zilikuwepo. Alifikiri kwa muda mrefu, akanionyesha jozi ya kumi, akazitupa. Poti ikachukuliwa na mkono usio na hata jozi, na jozi halisi ikarudi kwenye pakiti. Riva haikufunuliwa.

Huo ndio mkwara wa poka, na hauna uhusiano mkubwa na kukunja uso. Watu wengi huamini mkwara ni ujasiri wa kudanganya, wakatazama macho na mikono inayotetemeka. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Carnegie Mellon pamoja na Facebook, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Haikuwa na macho ya kusoma wala uso wa kusomwa, na ilipiga mikwara vizuri. Mkwara mzuri ni hadithi inayolingana na kila dau uliloweka tangu mwanzo wa mkono, kwa bei inayoeleweka, mbele ya mtu anayeweza kujitoa. Kumpigia mkwara mtu asiyejitoa kamwe ni kumpa zawadi. Kwa mtu kama huyo unasubiri mkono halisi, kisha unamtoza.

Na hapa narudi kwenye batani kama nilivyoahidi. Karata zilezile tisa na nane, ningekuwa wa kwanza kusema, ningezitupa kabla ya flopu bila kufikiri. Anayesema mwisho ameshaona nani amepisha, nani ameogopa, nani amepandisha, na bado hajatoa chipu hata moja. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza wacheze mikono michache sana wakiwa mwanzoni mwa mzunguko, jozi kubwa, esi na kingi, esi na kwini, basi, na walegeze kadiri wanavyoikaribia batani. Kati ya ushauri wote ninaoutoa, huu ndio unaobadilisha mchezo wa mtu haraka zaidi.

Kuhusu pesa nina msimamo. Poka inaweza kufundishwa yote kwa chipu zisizo na thamani, nami ndivyo ninavyofanya, na kwa watoto sifundishi kabisa. Anayekwenda kwenye meza ya kulipia ajue kwamba nyumba, yaani wenye ukumbi wa mchezo, huchukua sehemu yake katika poti au kwa saa, kwa hiyo haitoshi kuwashinda wenzako kidogo. Na bahati haina haraka ya kusawazisha. Esi mbili dhidi ya kingi mbili hushinda karibu mara nne kati ya tano, maana yake mara ya tano, hata kama umefanya kila kitu sawa, unapoteza. Nimewaona watu watulivu wakipoteza mkono wa namna hiyo, kisha wakakaa wakicheza kila karata kwa hasira ya kurudishiwa. Mtu akifika hapo, nampa ushauri mmoja tu: ainuke. Meza itakuwepo kesho.

Mwisho wa mkono nao una utaratibu. Kama raundi ya mwisho ilikuwa na dau, aliyeweka au aliyepandisha mwisho ndiye anayefunua kwanza. Kama wote walipisha, anaanza wa kwanza kushoto kwa batani. Karata zikishalala wazi mezani zinajisemea zenyewe: hata kama mwenye nazo hakuuona mfululizo wake, ni wake. Kwa hiyo usitupe karata zako kwa sababu mwenzako ametangaza mkono mkubwa kwa mdomo, subiri uzione. Na mkibaki wawili tu, taratibu za blaindi zinageuka: mwenye batani ndiye anayeweka blaindi ndogo, anasema kwanza kabla ya flopu, kisha anasema mwisho hadi riva.

Ukishazoea hayo, jaribu Omaha. Dau ni zilezile, mara nyingi kwa kikomo cha poti, ila unapewa karata nne, na lazima utumie mbili zako kamili pamoja na tatu za mezani, si moja, si tatu. Wanaotoka Hold'em huumia hapo siku za kwanza: una esi ya kopa peke yake, mezani zimelala kopa nne, na huko hiyo si fulashi.